Vipande Vitatu vya Nyumba ya Kasiani

Kijiwe chetu kipo Chikongola, mjini Mtwara, nyuma ya soko, kwenye ukuta wa duka la saruji unaopata kivuli kuanzia adhuhuri. Benchi ni ubao mmoja mrefu uliopinda katikati, kwa hiyo waliokaa pembeni huteleza taratibu kumwelekea wa katikati, na wa katikati siku zote ni Nassoro. Tunamwita Gavana, kama yule wa Benki Kuu. Kazi yake ni kuziba pancha za baiskeli, lakini hakuna habari ya fedha, iwe bei ya korosho au madeni ya serikali, ambayo yeye hana la kuisemea. Kulia kwake hukaa Ismaili, tunamwita Maputo. Zamani alikuwa akivukia Kilambo kwenda kuuza sabuni na kanga upande wa pili wa Ruvuma, na tangu aache biashara hiyo, kila jambo jema duniani analiona liko Msumbiji. Shabani muuza kahawa hukalia ndoo yake, birika juu ya mkaa, kashata kwenye sinia. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, nyuma yao, nasikia kila kitu na nachangia nikimaliza pindo. Ninayoyasimulia yalitokea mwaka 2008, msimu wa korosho, siku Kasiani alipofika kijiweni akakaa bila kutoa salamu.

Kasiani hakuwa mtu wa kuacha salamu. Ni Mngoni wa Songea, alikuja Mtwara miaka ya tisini kuendesha winchi bandarini, akaoa mwalimu, Elizabeti, wakapata watoto wawili, Brian na Neema. Mwaka 2004 walinunua nyumba Mtawanya kwa mkopo wa benki. Tulishangaa wakati ule. Sisi tulijua nyumba inajengwa kwa kupandisha tofali kila ukipata, miaka kumi, kumi na mitano, popo wakitangulia kuhamia. Yeye aliingia na godoro lake siku moja, taa zinawaka.

— Kahawa, Kasiani? aliuliza Shabani.

 Shabani akamimina akamwekea kikombe mkononi. Kasiani alikishika bila kunywa.

— Nimetoka benki, alisema.

— Wamekunyima mkopo? aliuliza Gavana.

— Walinipa zamani. Ndiyo shida yenyewe.

 Nikasimamisha mashine.

— Mnajua mkopo wangu si mmoja? Nyumba moja, benki moja, lakini mkopo waliukata vipande vitatu. Kila kipande kina mkataba wake, riba yake imefungwa kwa muda wake. Kimoja kifupi, kimoja cha kati, kimoja kirefu.

— Kwa nini waukate? alisema Maputo. Kwani huo ni papa wa sokoni?

— Afisa alinieleza vizuri tu. Riba ikipanda mjini, isinipande yote kwa mpigo. Kipande kimoja kikipanda, viwili vinakaa palepale. Nikaona ana akili.

— Mbona hiyo akili kweli, nilisema mimi.

— Ilikuwa akili ya kuingilia, Fundi. Leo nilitaka kutoka.

Akatueleza pole pole, kama mtu anayejieleza mwenyewe. Kile kifupi kiliisha muda wake mwaka juzi, riba wakati ule ilikuwa nafuu, akakifunga tena kwa miaka mingine. Mwezi huu kimefika cha kati. Riba mpya waliyomtajia ilimfanya aombe kiti, kwa sababu ikiongezwa kwenye makato ya vile viwili, mshahara wa winchi unabaki wa kununulia dagaa. Benki nyingine hapa hapa mjini ikamwambia njoo, tutauchukua mkopo wako wote kwa riba ndogo. Akafurahi, akarudi benki yake ya zamani kuaga.

— Afisa ni binti mpole, alisema Kasiani. Hakunigombeza. Alisema, baba, kipande cha kati kiko huru, muda wake umekwisha, unaweza kukilipa ukaenda nacho. Hivi viwili bado vimefungwa. Ukivivunja kabla ya muda kuna faini. Na hati ya nyumba haitoki hapa mpaka vitatu vyote vimelipwa.

— Faini kiasi gani? aliuliza Gavana.

Kasiani hakuisema kwa sauti. Aliinama akamnong'oneza Gavana sikioni, kama watu wanavyotajiana ugonjwa. Nilimwona Gavana akifungua mdomo, kisha akaufunga. Katika miaka yote niliyokaa nyuma ya benchi lile sikuwahi kumwona akifunga mdomo kwa hiari yake. Shabani naye alikuwa akimimina, akasahau kuacha, kahawa ikafurika mpaka kwenye kashata.

— Mmeelewa nilivyoingia? alisema Kasiani. Kila kipande kimoja kikifunguka, viwili vimefungwa. Nikikifunga hiki ili nisipigwe na riba ya kupandapanda, kesho kutwa kinafunguka kingine, na hiki kimefungwa. Nitazunguka hivi mpaka nizeeke. Hakuna siku ambayo milango yote mitatu itakuwa wazi nikapita.

Gavana alikohoa, akakusanya cheo chake.

— Sikiliza, mshikaji. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake nini? Maana yake benki mpya ije ichukue kile kipande kilichofunguka. Wewe unahamisha sehemu moja tu ya nyumba. Sebule, kwa mfano. Sebule inakuwa ya benki mpya, vyumba vya kulala vinabaki benki ya zamani.

— Hati ni moja, Gavana.

— Hati inarudufiwa.

— Benki haichukui nakala.

— Basi kisusie hicho cha kati, alisema Maputo. Hivi viwili lipa kama ntu nwaminifu, hicho kiache kikae. Kule Nsumbiji ntu akiona nkopo unanuma, anausahau, nao unansahau.

Maputo ni Mmakonde wa Kitaya na akichangamka kila *mtu* kwake ni *ntu*. Siku hiyo alikuwa amechangamka sana.

— Ukisusia kimoja wanauza nyumba yote, alisema Kasiani. Deni ndilo lililokatwa. Nyumba haikukatwa.

Neno hilo lilituingia. Nilijikuta nimeshika mkasi bila sababu. Mpaka wakati ule nadhani wote tulikuwa tunaifikiria nyumba ile kama mkate, kwamba akibanwa sana atapoteza kipande na kubaki na viwili. Sasa tuliona mnada, mtu mwenye kipaza sauti amesimama uani kwa Elizabeti, majirani wamejipanga kwenye ua.

— Mpe talaka mkeo, alisema Gavana.

— Nini?

— Ya karatasi tu, aisee. Mahakama inaamuru nyumba igawanywe. Benki haiwezi kupinga mahakama. Faini inakufa hapo hapo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Mimi Mkatoliki, Gavana.

Gavana alifikiri.

— Basi hicho nacho kimefungwa, alisema, tena hakina tarehe ya kufunguka.

Shabani alicheka peke yake. Kasiani alikuwa anakizungusha kikombe chake kiganjani. Ndipo Maputo akauliza swali lililotuharibia siku.

— Na ntu akifa je?

— Akifa nani?

— Wewe. Nwenye nkopo.

— Kuna bima, alisema Kasiani. Walinikata tangu siku ya kwanza. Nikifa, bima inalipa, nyumba inabaki kwa Elizabeti na watoto.

— Inalipa kipande kipi?

— Vyote.

— Na faini? aliuliza Gavana.

— Marehemu hatozwi faini.

 Mpita njia mmoja alipita na mkokoteni wa magunia ya korosho, gurudumu linalia, tukalisikiliza mpaka likapotea. Gavana alivua kofia yake akaiweka gotini.

— Basi huo ndio mlango, alisema.

— Mlango gani?

— Umekufa. Si kufa kufa. Unakufa kwa muda wako uliofungwa. Maputo anakuvusha Kilambo, unakaa Palma, ng'ambo kule, kimya kimya. Sisi huku tunakuzika.

— Mnanizika na nini?

— Mgomba. Tunakata mgomba wa urefu wako, tunauviringisha shuka, tunaweka ndani ya jeneza, tunapiga misumari. Tunasema ajali ya winchi, uso umeharibika, familia imeomba lisifunguliwe.

— Padri naye?

— Padri hamhoji maiti.

Kilichonishtua mimi si maneno ya Gavana. Gavana nimemsikia akipendekeza bahari ya Mikindani izungushiwe uzio ili samaki wasihame. Kilichonishtua ni kwamba Kasiani hakucheka. Alimgeukia Maputo, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Palma kuna winchi?

Nikaondoka kwenye mashine. Nilipomshika bega nilihisi shati lote limelowa. Alisema anaona kizunguzungu, na pale nje joto lilikuwa limezidi hata kivulini. Nilimwingiza ndani ya duka langu, kwenye kijichumba nyuma ya pazia ambako wateja hupimia nguo, nikamlaza juu ya marobota ya vitambaa, nikampa maji. Akafumba macho. Baadaye nikamsikia anakoroma, mtu ambaye nadhani hakuwa amelala tangu riba ile itajwe.

Kule nje mazishi yaliendelea. Bila mwenyewe kuwapo walikuwa huru zaidi, na sauti zilipanda.

— Ijumaa ni mapema mno, alisema Maputo.

— Ijumaa ndiyo nzuri, watu hawajasafiri. Kasiani anazikwa Mtawanya Ijumaa, basi. Fundi atamshonea suti nyeusi.

— Suti ya nini na jeneza limepigwa misumari?

— Heshima ya marehemu. Masikini Kasiani. Na Elizabeti asiambiwe mapema, atapiga kelele mpaka bandarini wasikie. Aambiwe dakika ya mwisho.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona Mwanahamisi. Ni mama anayeuza mihogo ya kukaanga sokoni, nyumba yake na ya Kasiani zimepakana ukuta. Alikuwa amesimama nyuma yao na sinia kichwani, mkono mmoja umeziba mdomo. Nilidhani ameshtushwa na lugha ya wanaume. Akageuka akaondoka haraka, na sikumfuata. Nilirudi kwenye suruali niliyokuwa naiahidi tangu juzi.

Kahawa ilikuwa imebaki ya chini kabisa, ile yenye machicha, tuliposikia kilio. Kilitoka upande wa barabara ya Mtawanya, kilio cha mwanamke anayetembea, kinakuja kikikatika pale pumzi inapomwishia. Watu wa sokoni wakasimama. Kisha tukamwona mwenyewe, Elizabeti, viatu kashika mkono mmoja, vumbi la chaki bado liko kwenye mikono, khanga amejifunga juu ya gauni la kazini. Nyuma yake mwalimu mwenzake, Esta, anamshika huku naye analia, na nyuma ya Esta yuko Mwanahamisi.

Alifika mbele ya benchi akasimama.

— Yuko wapi? Mmemlaza wapi?

Maputo alisema kweli tupu, na kweli ile ilikuwa mbaya kuliko uongo wowote aliowahi kutuambia.

— Yuko ndani, shemeji. Amelazwa ndani.

Elizabeti alipita kati yetu. Nilinyoosha mkono kumzuia nimweleze, hakuniona. Alilivuta pazia kwa nguvu, ndoano mbili zikang'oka. Kasiani alikuwa amelala chali juu ya marobota, na mimi, Mungu anisamehe, kwa ajili ya nzi nilikuwa nimemfunika kitambaa cheupe mpaka kidevuni. Elizabeti alitoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Kasiani akafumbua macho.

— Eliza, alisema. Umetoka shule mapema?

 Elizabeti aliketi chini palepale kwenye vipande vya nguo na nyuzi, akamtazama.  Kisha akanyoosha mkono akamgusa shavu, akamgusa koo, akauacha mkono hapo kooni mpaka nadhani alipohakikisha mapigo. Ndipo akaanza kulia tena, kilio kingine, cha chini chini. Esta alikuwa ameegemea mlango ananong'ona sala. Mwanahamisi alikuwa anarudia kwa kila aliyekuja kuchungulia:

— Nimesikia kwa masikio yangu. Anazikwa Ijumaa. Wamesema Ijumaa.

Ilituchukua muda mrefu kueleza. Kwa kweli aliyeeleza ni mimi, kwa sababu Gavana alikuwa amepata kazi ya ghafla ya kukagua mpira wa baiskeli usio na pancha. Nilieleza benki, vipande vitatu, faini, bima. Nilipofika kwenye mgomba nilipunguza sauti. Elizabeti alisikiliza yote bila kunikatiza. Alipomaliza kufuta uso kwa ncha ya khanga, alimgeukia mumewe.

— Ulijua tangu lini kwamba riba inapanda?

— Tangu mwezi uliopita.

— Na mimi tunalala kitanda kimoja.

— Sikutaka uogope.

— Kasiani, nimetoka shule mpaka hapa nikiwa mjane. Nimepita mbele ya watoto wa darasa la tatu nikilia. Unataka kunikinga na woga upi tena?

Kasiani aliinama. Kisha Elizabeti akashtuka, akaitafuta simu kwenye mfuko.

— Nimeshampigia Sabina, alisema.

Sabina ni dada yake Kasiani, yuko kijijini nje ya Songea. Kasiani aliinyakua simu akapiga. Haipatikani. Kule, alitueleza, lazima mtu apande kilima ndipo mtandao unashika. Alipiga tena na tena, mwishowe akampata jirani mmoja mwenye duka njia panda, akamwambia kwa sauti ya kumfanya kila mtu sokoni asikie: niko mzima, mwambieni Sabina, niko mzima, ni makosa. Jirani akasema ujumbe utafika. Tukapumua.

Elizabeti alitoka nje akakaa kwenye benchi. Alikaa katikati, pale pa Gavana, na Gavana alisimama akampisha bila kuombwa. Shabani akamkamulia kikombe cha mwisho. Alikinywa chote, na machicha yake, akakirudisha.

— Sasa nielezeni vizuri, alisema. Cha kati kimekwisha mwezi huu. Kile kifupi alichokifunga tena, kinakwisha lini?

Tukamtazama Kasiani. Kasiani alifungua mdomo.

— Mbele huko, alisema.

— Mbele wapi? Mwaka gani?

— Nilikifunga mwaka juzi. Kwa... Ilikuwa riba nzuri, nilitazama riba.

— Na kirefu?

Kasiani alikuna kichwa. Elizabeti akamgeukia Gavana.

— Kaka Nassoro?

Gavana akamwangalia Maputo. Maputo akauangalia mto Ruvuma, ambao kutoka pale hauonekani.

— Mmemzika mume wangu tangu adhuhuri, alisema Elizabeti, mmemkatia mgomba, mmempeleka Msumbiji. Na hakuna hata mmoja aliyemuuliza vinakwisha lini.

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Alivaa viatu vyake, akamshika Kasiani mkono kama anavyoshikwa mtu aliyetoka hospitali, wakaondoka. Gavana hakurudi kukaa katikati. Alibaki amesimama mpaka Shabani alipomwaga mkaa.

Asubuhi yake walikwenda benki wote wawili, Elizabeti akiwa ameomba ruhusa shuleni. Kasiani alikuja kutusimulia jioni, na safari hii alisalimia mmoja mmoja. Binti mpole aliwatolea tarehe zote. Kile kifupi alichokifunga tena kinakwisha mwaka 2011. Kirefu, kilichofungwa tangu mwanzo, nacho ni mwaka 2011, miezi michache tu mbele ya kile. Si kwa akili ya mtu yeyote. Imetokea tu hivyo.

— Na hiki cha kati? niliuliza.

— Fundi, juzi nilikuwa nimeshika kalamu nikifunge kwa miaka saba, kwa sababu ndiyo riba iliyokuwa na unafuu kidogo. Ningefunga saba, mwaka 2011 viwili vingefunguka, hicho kimefungwa. Ningekuwa nimejifungia mwenyewe.

 Nadhani hapo ndipo alipoogopa kweli, baada ya hatari kupita.

Walikifunga kipande cha kati kwa miaka mitatu tu, ingawa riba yake ilikuwa kubwa zaidi kuliko ile ya saba. Vyote vitatu vitafunguka mwaka mmoja, na hapo watakuwa huru kukaa au kuhama. Ili kufika huko, Elizabeti aliamua kuhamishia watoto chumba kimoja, na vyumba viwili vya uani wawapangishe wauguzi. Si raha, alisema Kasiani, foleni ya bafuni itaanza alfajiri, lakini makato yatafika.

— Kawia ufike, alisema Gavana, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, methali yake ilikuwa mahali pake. Hata yeye aliligundua hilo, akaona haya.

Ningependa kumalizia hapo. Ila siku kadhaa baadaye, mchana, tumekaa kama kawaida. Kasiani alikuwa na zamu ya usiku wiki hiyo, kwa hiyo yuko kwake amelala. Gavana alikuwa akimweleza Maputo kwamba benki zote duniani zina mmiliki mmoja, anakaa kisiwani, hana simu. Maputo akisema anamjua, ni wa Pemba, ile Pemba ya Msumbiji. Kutoka upande wa stendi alikuja mama mmoja mzee, mdogo wa umbo, kitenge cheusi mabegani, uso na nyusi vimejaa vumbi jekundu. Kichwani kiroba cha unga, mkononi kifurushi cha maharage. Vitu vya kupeleka matangani. Alikitua kiroba mbele ya benchi akashika kiuno.

— Shikamooni, wanangu.

Mama wa umri ule hatusalimii sisi shikamoo. Ni uchovu na huzuni vilivyomchanganyia maneno. Tukasimama wote.

— Marahaba, alisema Shabani, kisha akashtukia alichosema. Shikamoo, mama.

— Nimetoka Songea, kwa kina Sabina. Tumelala Tunduru, nimelala Masasi. Wengine wako nyuma, gari lao limeharibika, nikaona nitangulie mimi, nisije nikakuta wameshamfukia. Naomba mnielekeze, wanangu. Nyumba ya marehemu Kasiani, yule aliyekuwa bandarini, iko wapi?

Ujumbe ulifika njia panda, kumbe. Ulifika kijijini wakati ndugu wameshapanda gari.

Gavana alinitazama. Maputo alikitazama kikombe chake. Shabani alishika mpini wa birika, moto ule, hakuuachia. Ni swali ambalo mtoto yeyote wa Chikongola angelijibu, shika barabara hii, kata kulia, nyumba yenye geti la bluu, na watu watatu ambao hawajawahi kukosa jibu walisimama mbele ya yule mama hawana hata moja. Alitutazama mmoja mmoja, akidhani tunanyamaza kwa sababu mazishi yamekwisha.

Nilichukua kiroba nikakiweka begani.

— Twende, mama, nilisema. Nyumba naijua. Atakufungulia mwenyewe.

Alisimama pale pale.

— Nani atanifungulia, baba?

Nilikuwa nimeshageukia njia ya Mtawanya. Nikarudi nikamshika mkono kwanza, nikaukaza, ndipo nikamjibu.